Gobore au Bunduki ya Risasi: Silaha na Majira ya Kuwinda Kivu Kaskazini

Sheria ya uwindaji, popote ilipo, hujibu maswali matatu: nani aruhusiwe kuwinda, awinde lini, na awinde kwa silaha gani. Katika Kivu Kaskazini, jimbo la mashariki ya Kongo, swali la kwanza limemeza mengine. Sababu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga, inayoanzia karibu na Goma na kupanda kaskazini hadi milima ya Rwenzori, ambamo hakuna anayeruhusiwa kuwinda mwezi wowote wa mwaka. Maswali ya majira na silaha yamebaki nyuma, ilhali ndiyo yanayowagusa watu wengi zaidi: wanavijiji wa Walikale, Lubero, Masisi na Beni wanaoishi kando ya misitu isiyo hifadhi, na wateja wa nyama ya pori katika masoko ya mijini.

Wanaowinda katika misitu hiyo hutumia silaha za aina tano. Kuna zana za jadi, yaani mkuki, upinde, nyavu na mbwa, ambazo jamii za msituni za Wambuti na Watwa wamezitumia tangu zamani. Kuna tanzi la waya. Kuna gobore. Kuna bunduki ya marisau ambayo kila mtu huiita kalibri 12. Na kuna silaha ya kivita, mara nyingi Kalashnikov. Bunduki ya risasi ya kuwindia, ile yenye mtutu uliochongwa mifuo kwa ndani na darubini juu yake, ni adimu. Ilikuwa mali ya wageni na wakubwa wa enzi za ukoloni na miaka michache iliyofuata. Kwa hiyo mtu anayelinganisha gobore na bunduki ya kisasa katika jimbo hili analinganisha gobore na kalibri 12, na nyuma yao, kwa bahati mbaya, na silaha ya kivita.

Gobore hushindiliwa kwa kupitia mdomo wa mtutu. Mwindaji humimina baruti nyeusi, hutia kizibo cha kitambaa kikuukuu au nyuzi za magome, hushindilia kwa mdeki, ndipo atie kile kitakachoua: vipande vya nondo, goroli za beringi, au vidonge vya risasi iliyoyeyushwa kutoka betri ya gari. Kizibo cha pili huwekwa juu ili goroli zisiporomoke anapoinamisha mtutu. Mwisho hubandika fataki kwenye chuchu ya mtambo, na pasipopatikana fataki ya kiwandani hutumia unga wa vichwa vya viberiti. Mtutu wenyewe mara nyingi ni bomba la maji au la usukani wa gari chakavu, na kitako ni mti uliochongwa kijijini. Yote hayo humpa mwindaji mlio mmoja. Akikosa, itampasa aanze upya, na mnyama hangoji. Chuma kikiwa kibovu au baruti ikizidi, mtutu hupasuka usoni pa mwenyewe. Makovu ya vidole na macho ni sehemu ya historia ya silaha hii kila ilikotumika.

Kalibri 12 haina shughuli hiyo. Ganda lake hubeba baruti, kizibo, marisau na fataki pamoja, na kwa kuwa siku hizi ni la plastiki, unyevu wa msitu hauliwezi kirahisi. Mwindaji hukunja bunduki, huchomoa ganda tupu, huingiza jipya na kufyatua tena kwa sekunde chache. Umbali wake wa kuua kwa uhakika haufiki mbali, kama mita 40, lakini ndani ya msitu umbali huo unatosha na kubaki.

Historia ya silaha hizi mbili inaeleza kwa nini moja ikawa ya fukara na nyingine ya mwenye kibali. Bunduki za kushindilia zilienea mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo. Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, alijenga himaya yake kwa pembe na kwa bunduki, hata mwaka 1887 Mfalme Leopold II akamfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia kuingiza bunduki zenye mifuo na silaha nyingine bora katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini. Zilizoachiwa mlango ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida. Mpaka kati ya gobore na bunduki ya risasi uliwekwa hapo kwa mkataba wa mataifa. Hoja iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa kweli silaha zilikuwa uti wa mgongo wa biashara hiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba silaha dhaifu ikabaki kwa wenyeji na silaha kali ikabaki kwa dola na kwa Wazungu. Wanyama hawakuwa hoja ya mkataba ule.

Waliingia kwenye hoja miaka kumi baadaye. Mkataba wa London wa tarehe 19 Mei 1900, ambao Dola Huru ya Kongo ilikuwa miongoni mwa waliousaini, ulizungumzia vibali, majira ya kufunga uwindaji, na kupigwa marufuku kwa baadhi ya nyavu na mashimo ya kutegea. Haukupata nguvu kamili, lakini mawazo yake yakaendelea kuishi katika sheria za makoloni. Inafaa kuangalia mawazo hayo yalimlenga nani. Nyavu na mashimo vilikuwa vya mwenyeji. Bunduki ya risasi ilikuwa ya mgeni, nayo iliitwa mchezo wa kiungwana. Kapteni Mjerumani Robert von Beringe alipowapiga risasi sokwe wakubwa kwenye mlima Sabyinyo mwezi Oktoba 1902, sayansi ilimshukuru kwa kumpa gorila wa milimani jina lake. Carl Akeley, Mmarekani aliyekuwa akitafuta ngozi za kuonyesha katika makumbusho ya New York, aliwaua gorila kadhaa katika safu hiyo ya milima mwaka 1921, kisha akageuka kuwa mtetezi wao mkubwa. Kwa ushawishi wake na wa wengine, Mfalme Albert I alitangaza Hifadhi ya Albert tarehe 21 Aprili 1925, inayohesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Akeley alikufa mwaka uliofuata na kuzikwa Kabara, kwenye miteremko ya Mikeno. Hifadhi ilipanuliwa mwaka 1929, na baada ya uhuru jina likageuzwa kuwa Virunga.

Wazo la kuitumia silaha dhaifu kama njia ya kuwalinda wanyama lilikomaa kwingine, na mfano ulio wazi zaidi ni jimbo la Colorado, Marekani. Huko huwindwa elki, aina ya kulungu mkubwa ambaye dume lake hufikia kilo 300 na kuzidi. Septemba ndiyo majira ya kupandana. Dume hupaza mlio mrefu wa kutambiana, humfuata jike bila hadhari, na akisikia mtu anayeiga mlio wake huja hadi hatua chache. Huo ndio wakati ambapo kumuua ni rahisi kuliko wakati wowote. Badala ya kufunga uwindaji kabisa, Colorado inawaachia wenye silaha dhaifu: mwezi huo ni wa upinde, na katikati yake kuna siku tisa za bunduki za kushindilia kwa mdomo, bila darubini. Bunduki za risasi husubiri Oktoba na Novemba, kwa vipindi vilivyotenganishwa. Kufikia hapo madume yamenyamaza, makundi yamejificha kwenye miti minene, theluji ndiyo huyasukuma kushuka bondeni, na wawindaji wamekuwa wengi. Mwenye bunduki ya risasi anaweza kupiga kwa mita 300; mwenye gobore la kisasa anahitaji kusogea hadi kama mita 100.

Mwindaji wa Colorado basi huchagua kati ya mambo mawili yenye uzito unaokaribiana. Akichukua kibali cha silaha ya kushindilia, ambacho hupatikana kwa kura, anapata msitu wenye watu wachache na mnyama anayejibu mwito, lakini ana risasi moja na lazima asogee. Akichukua kibali cha bunduki ya risasi, ambacho kwa baadhi ya maeneo na vipindi hununuliwa dukani, anapata uwezo wa kupiga mbali, lakini anakutana na mnyama mwerevu na umati wa wenzake. Kwa mamlaka ya wanyama, mpango huu ni njia ya kuongeza idadi ya watu wanaowinda bila kuongeza kwa kiasi hicho hicho idadi ya wanyama wanaokufa. Kanuni iliyo chini yake ni nyepesi kuitaja: pale mnyama anapokuwa dhaifu, silaha nayo iwe dhaifu. Kanuni hiyo husimama juu ya nguzo tatu. Mnyama awe na msimu wa kupandana unaojulikana. Silaha ziwe na tofauti ya kweli ya uwezo mahali zinapotumika. Na pawepo mtu wa kuhesabu wanyama, kuhesabu vibali na kumkagua mwindaji porini.

Nguzo ya kwanza haipo katika misitu ya Kivu. Elki huzaa Mei na Juni, baada ya mimba ya zaidi ya miezi minane, kwa sababu ndama akizaliwa wakati wa theluji atakufa. Karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kumlazimisha mnyama kuzaa mwezi fulani. Paa wadogo wa msituni, ambao ndio wengi katika vikapu vya nyama ya pori, huzaa wakati wowote wa mwaka. Nguruwe mwitu, nungunungu na kima nao hawana mwezi mmoja ambao ukifungwa uzazi wote utakuwa salama. Kufunga uwindaji kwa miezi kadhaa kutapunguza jumla ya siku za kuwinda, na hilo lina faida yake, lakini hakuwezi kudaiwa kulinda majike wenye mimba kana kwamba wana tarehe. Katika nyika za mashariki mwa Afrika hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa mvua huamua nyasi na nyasi huathiri kuzaa. Tanzania hufungua msimu wa uwindaji wa kitalii tarehe 1 Julai, mvua za masika zinapokuwa zimekwisha na njia kupitika. Sababu ya barabara, pale, ina uzito sawa na sababu ya uzazi.

Mvua katika Kivu Kaskazini hufanya kazi nyingine ambayo watunga sheria hawajaitilia maanani. Kiangazi kikuu ni Juni hadi Agosti. Majani makavu hutoa sauti chini ya mguu, na mnyama humsikia mwindaji kabla hajaonekana. Mvua zinaporudi Septemba, ardhi hulainika na hatua hunyamaza. Lakini baruti nyeusi hunyonya unyevu. Mwenye gobore hufunika mtambo kwa kipande cha ngozi au mfuko wa plastiki, na bado fataki huweza kulia bila baruti kuwaka. Mwenye kalibri 12 hana wasiwasi huo. Mvua humnyima mwenye gobore na kumsaidia mwenye kalibri 12. Mamlaka ikifunga uwindaji katika kiangazi pekee, kwa kuiga kalenda za nchi nyingine, itakuwa imewafungia wenye silaha dhaifu na kuwaachia wenye silaha kali miezi iliyo bora kwao.

Nguzo ya pili, tofauti ya uwezo, ipo, ila si ile ya Colorado. Kule tofauti ni umbali. Katika msitu wa Walikale mtu haoni mbele zaidi ya hatua 20 au 30, kwa hiyo uwezo wa kupiga mita 300 hauna maana. Tofauti ya kweli iko katika bei ya mlio na wingi wa milio. Risasi ya kalibri 12 hununuliwa kwa fedha, na aliyeinunua hawezi kuifyatua kwa mnyama ambaye nyama yake haitarudisha gharama. Paa mdogo wa kilo 5 si biashara, atapita. Mwindaji atangoja nguruwe mwitu, paa mkubwa wa mgongo wa njano, au kundi la kima juu ya mti, ambamo mlio mmoja unafuatwa na wa pili na wa tatu kabla kundi halijatawanyika. Ndiyo maana popote bunduki ya marisau ilipoingia katika misitu ya Afrika ya Kati, nyani na kima waliokuwa salama juu ya miti dhidi ya nyavu na mitego walianza kupungua. Silaha haikuongeza tu idadi ya waliouawa. Ilibadilisha nani anauawa, na iliwaangukia wale wanaozaa polepole.

Gobore kwa upande huo lina kasi ndogo, na kasi ndogo ni kinga. Kundi la kima likipigwa mlio mmoja, waliobaki wanakimbia. Hata hivyo haifai kulipamba. Goroli zisizolingana hutawanyika hovyo, na vipande vya nondo hupasua nyama bila kufika moyoni. Mnyama hujeruhiwa, hukimbia, hufia mbali, na hahesabiwi na yeyote. Colorado inadai mtutu wa gobore la kuwindia elki uwe na kipenyo kisichopungua nusu inchi, na katika uwindaji wa Afrika Mashariki nyati hapigwi kwa bunduki iliyo chini ya .375, kwa sababu hiyo hiyo: silaha dhaifu kupita kiasi humtesa mnyama na kumpotezea mwindaji nyama. Gobore la kijijini halina kipimo hata kimoja. Anayelitetea kama silaha ya uhifadhi lazima akubali kwanza kwamba likaguliwe.

Silaha ya kivita haiwezi kuwekwa kwenye mizani hii. Uharibifu wake unaonekana kuliko mahali pengine popote katika nyika za Rwindi na ukingo wa Ziwa Edward. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000, kundi kubwa lisilo na mfano duniani. Kufikia 2005 walikuwa chini ya 1,000. Kiboko jike huzaa ndama mmoja kwa kama miaka miwili, na kundi lililolala majini mchana ni shabaha ambayo haihitaji ustadi wowote kwa mwenye bunduki inayotema risasi mfululizo. Wanajeshi, waliokimbia jeshi na wanamgambo waliwaua kwa nyama na meno. Hakuna gobore ambalo lingefanya hivyo kwa miaka mia. Wavuvi wa Vitshumbi, kando ya ziwa hilo, nao waliumia, kwa sababu kinyesi cha viboko ndicho kilichorutubisha maji wanamovua samaki wa asili wa ziwa lile. Mwezi Julai 2007 gorila wa familia ya Rugendo, pamoja na dume lao Senkwekwe, waliuawa kwa risasi na kuachwa palepale bila kuchukuliwa nyama. Mauaji hayo yalihusishwa na biashara ya makaa. Na walinzi wenyewe wamelipa: tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa katika shambulio moja pamoja na raia. Zaidi ya walinzi 200 wamekufa kazini katika historia ya hifadhi hiyo. Mjadala wa majira ya kuwinda unaofanyika Goma bila kuzitaja damu hizo haujaanza.

Tanzi la waya linastahili kutajwa hapa ingawa si bunduki, kwa sababu ndilo linaloshika nafasi bunduki zinapokosekana. Hutengenezwa kwa waya wa breki ya baiskeli au wa klachi ya pikipiki, hufungwa kwenye mti mchanga uliokunjwa, na kufunikwa majani. Bei yake ni ndogo, halina sauti, na hufanya kazi mchana na usiku, kiangazi na masika. Halichagui. Gorila anayepita hushikwa mkono au mguu. Katika kituo cha Senkwekwe kule Rumangabo, panapolelewa gorila yatima, aliishi dume aitwaye Kaboko aliyekatwa mkono kwa sababu ya tanzi. Alikufa mwaka 2012. Kanuni inayobana bunduki na kulisahau tanzi huwasukuma wawindaji kuelekea kwenye chombo kibaya zaidi. Hilo ni kosa la kawaida katika sheria za uwindaji, na ni kosa lenye gharama.

Sheria ya Kongo yenyewe si maskini. Amri ya kikoloni ya tarehe 21 Aprili 1937 ilifuatwa na sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, ambayo bado ndiyo msingi wa uwindaji. Inadai kibali kwa kila mwindaji na kutenganisha aina za vibali: vya mchezo, vya watalii, kibali cha vijijini, kibali cha pamoja, na vya kukamata wanyama au vya sayansi. Uwindaji unapaswa kufunguliwa na kufungwa kwa tarehe zinazotangazwa na mamlaka, na silaha za kivita, sumu, moto na kuwamulika wanyama usiku vimekatazwa. Amri ya waziri ya tarehe 29 Aprili 2004 iliweka taratibu za utekelezaji pamoja na majedwali ya wanyama wanaolindwa. Gorila na okapi hawaguswi kamwe. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 iliimarisha uhifadhi kwa jumla. Kwa upande wa silaha, amri yenye nguvu ya sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai idhini kwa kutengeneza na kumiliki.

Ufa uko pale sheria hizi zinapokutana. Gobore lililofuliwa kijijini halina idhini, kwa hiyo mwenyewe hawezi kuomba kibali cha kuwinda bila kujishtaki. Akikaa nje ya kibali, yuko nje ya majira pia. Tarehe za kufungua na kufunga zinamhusu mtu ambaye kwa mujibu wa karatasi hayupo. Mwenye kalibri 12 iliyosajiliwa, ambaye mara nyingi ni mfanyabiashara, mtumishi au mtu wa mjini anayempa mwindaji bunduki na risasi ili wagawane nyama, ndiye anayeweza kuwa halali. Hivyo sheria inampendelea mwenye silaha inayomaliza kima na kumwacha gizani mwenye silaha ya polepole. Watunzi wa 1982 hawakukusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa mchezo mwaka 1977 na haijarudi nyuma. Uganda iliufunga mwaka 1979, ikaufungua kwa majaribio mwaka 2001 katika eneo la Ziwa Mburo kwa idadi ndogo ya wanyama waliohesabiwa. Katika nchi zote mbili uamuzi ulimhusu zaidi mgeni mwenye fedha. Mwanakijiji mwenye gobore aliendelea kuitwa jangili. Kivu Kaskazini haiwezi kuiga Kenya moja kwa moja, kwa kuwa nyama ya pori ni chakula cha kila siku katika vijiji vya msituni visivyo na ng'ombe, na migodi ya koltani na kasiteriti ya Walikale imekusanya maelfu ya watu wanaotaka kula. Gorila wa nyanda za chini wa mashariki wanaonyesha bei ya mchanganyiko huo wa migodi, silaha na njaa: walikadiriwa kuwa karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990, na hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ikakadiria 3,800 tu. Utafiti wa 2021 ulipandisha makadirio hadi karibu 6,800, si kwa sababu wameongezeka kwa kasi hiyo, bali kwa sababu maeneo zaidi yalifikiwa na kuhesabiwa. Jike la gorila huzaa mara moja kwa kama miaka minne. Hakuna majira yanayoweza kumsaidia mnyama wa namna hiyo. Anasaidiwa kwa kutopigwa kabisa.

Nguzo ya tatu, ya kuhesabu na kukagua, ndiyo dhaifu kuliko zote. Taasisi ya uhifadhi ya taifa, ICCN, nguvu zake zote zimemezwa na hifadhi. Tangu Mei 2021 jimbo limekuwa chini ya hali ya dharura na magavana wa kijeshi, na mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Tangazo la tarehe za majira, likitolewa katika mazingira hayo, halifiki kwenye vijiji vinavyolihitaji, na likifika halina mtu wa kulisimamia.

Kutokana na yote hayo, kanuni inayofaa misitu ya Kivu Kaskazini ni ile inayotanguliza mahali na silaha, kisha miezi. Mahali kwanza: sehemu za msitu zipumzishwe kabisa kwa miaka, ili wanyama wazaliane na kumwagika kwenye sehemu zinazowindwa, kwa kuwa kijiji kinaweza kuona mpaka wa mto au kilima, lakini hakiwezi kuona tarehe. Silaha zifuate: tanzi la waya na silaha ya kivita zikatazwe bila kulegezwa, kalibri 12 izuiwe kwa kima na wanyama wazaao polepole, na gobore liingizwe kwenye daftari. Pingamizi kubwa dhidi ya daftari hilo lina haki yake: katika jimbo ambalo makundi ya wanamgambo wa Mai-Mai yamepigana kwa magobore, orodha ya bunduki za kijiji inaweza kuwa orodha ya kuandikisha wapiganaji, au ya kuwatesa wenye nazo. Kwa hiyo daftari lishikwe na kijiji chenyewe chini ya kibali cha pamoja ambacho sheria ya 1982 tayari inakitambua, na lianzie mahali penye utulivu. Miezi ya kufunga uwindaji ije mwisho, nayo iwe michache, iwekwe wakati wa mvua, ambapo kalibri 12 ina nguvu ya ziada.

Chombo cha kisheria cha kuanzia kipo. Amri nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaziruhusu jamii kumilikishwa msitu wao, hadi hekta 50,000, kwa masharti ya kuandika mpango wa usimamizi. Lubero ina mfano wake wa zamani zaidi katika Tayna, ambako machifu na wananchi walitoa ardhi ya mababu kuwa hifadhi yao wenyewe. Machifu na kamati za Walikale, Lubero na Beni wanaoandaa mipango hiyo sasa waandike ndani yake, kwa majina ya mito na vilima, wapi hapawindwi, na kwa majina ya silaha, ipi haiingii msituni.